Uzuri wa Mkakasi

Kwa miaka ishirini na sita nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na sidhani kama ulipita muhula hata mmoja bila mimi kuandika ubaoni swali hili: "Jina la kitabu limesadifu yaliyomo. Jadili." Msomaji uliyepita kidato cha nne unalijua. Huenda hata jibu lake bado unalikumbuka, maana jibu lilikuwa moja tu: limesadifu. Mwanafunzi alianza kwa kueleza maana ya jina, akataja hoja tano au sita kutoka kitabuni, kisha akahitimisha kwamba kwa hoja hizo ni wazi mwandishi amefanikiwa kuoanisha jina na yaliyomo. Mwalimu alitia vyema kwa wino mwekundu, na mambo yakaishia hapo.

Leo nimestaafu. Sina mkaguzi wala mkuu wa shule wa kumwogopa, nami nataka kusema wazi kwamba swali lile ni baya. Ni baya kwa mwanafunzi na ni baya kwa mwandishi, na limewaharibu hata wachapishaji wetu, ambao wengi wao walilijibu wakiwa shuleni wakakua nalo. Limetufanya tuamini kuwa jina la kitabu ni kama karatasi iliyobandikwa kwenye kopo: ikisema maziwa, ndani yawe maziwa, na mnunuzi asiwe na neno. Mimi nasema kazi ya kwanza ya jina ni kumwita mtu aliyekuwa akipita njia na shughuli zake. Lisipomwita, yaliyomo yatabaki humo humo yakisadifiana na jina lake, wala hakuna atakayeyasoma.

Somo hili sikulipata chuoni. Nilifundishwa na mama yangu dukani.

Mama hakujua herufi za Kirumi. Kurani aliisoma, na barua za kaka yake zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu alizisoma mwenyewe, lakini maandishi ya kwenye kanga yalimshinda. Kwa hiyo nilipojua kusoma, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, nilipata kazi. Kila alipokwenda kununua kanga, pale Tanga mjini, alinichukua. Mwenye duka aliteremsha doti moja baada ya nyingine, akazikunjua juu ya meza, nami nikasoma jina. Ndivyo tunavyoyaita maandishi yale: jina la kanga. Rangi mama aliiona mwenyewe, maua aliyaona, na bei aliijua tangu nyumbani. Alichokuwa akingoja ni jina. Jingine lilimchekesha, jingine aliguna tu, na jingine aliniambia, "Hebu rudia." Kanga ya "hebu rudia" ndiyo tuliyoondoka nayo.

Siku moja aliacha kanga ya zambarau ambayo nilijua anaitamani. Njiani nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Ile imemaliza maneno yote, mwanangu. Nikiivaa, nani ataniuliza kitu?"

Basi, msomaji, waandishi wetu bora walilijua jambo hili. Tazama jinsi walivyoichukua methali wakaikata katikati. Said Ahmed Mohamed alipotoa riwaya yake mwaka 1980 aliiita Dunia Mti Mkavu, akanyamaza. Mswahili yeyote anajua kuwa methali haijesha: dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee. Nusu ya pili ameachiwa msomaji aitamke kimoyomoyo, na akishaitamka amekwisha ingia kitabuni kabla hajakifungua. Anataka kujua ni nani aliyeuelemea mti huo na aliangukia wapi. Ebrahim Hussein naye ana tamthilia iitwayo Wakati Ukuta, na kila mtu anajua yanayompata apiganaye na ukuta huo. Adam Shafi aliita riwaya yake ya mwaka 1999 Vuta N'kuvute. Tunawaona watu wawili wameshika kamba, lakini kamba yenyewe ni kitu gani hakusema.

Aliyenishangaza kuliko wote ni Penina Muhando. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Yeye tamthilia yake ya mwaka 1984 akaiita Lina Ubani. Maneno mawili tu, na humo mna mwanamke anayebishana na wahenga wote kwa pamoja. Nani asiyetaka kujua ni uvundo gani huo, na ubani wake unapatikana wapi?

Si lazima iwe methali. Katama Mkangi alitoa riwaya mwaka 1995 akaiita Walenisi. Ukilitazama jina hilo haraka unadhani ni nchi fulani ya ng'ambo. Ukilisoma polepole unasikia: wale ni sisi. Mtu aliyekwisha kaa mkao wa kuwacheka wengine anajikuta yumo. Mohamed Suleiman Mohamed alitosheka na neno moja, Kiu, mwaka 1972, akatuachia tujiulize ni kiu ya nini. Na Shaaban Robert, mzee wetu wa Tanga, mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, ambako wajumbe wanaorudi na mawazo mema kutoka nje hutupwa gerezani. Nchi ya angani nani aisadiki? Lakini jina lasema yasadikika, na mtu aliyeishi chini ya serikali ya kikoloni alipofika katikati ya kitabu alikwisha kuisadiki.

Wako hata waliouliza swali wazi wazi. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijitabu cha siasa, akakiita Kenya Twendapi? Kwa ajili ya kijitabu hicho alifungwa miaka mitatu, na huko gerezani akaandika mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yaliyomo kijitabuni ndiyo yaliyoiudhi serikali, sikatai. Lakini swali lile la juu lingeweza kuulizwa na dereva, na mwuza samaki, na mwanafunzi, bila hata kusoma ukurasa wa kwanza. Jina lilikwenda mbali kuliko karatasi.

Sasa niseme dhambi yangu, maana si haki kuwashambulia wengine nami nimejificha.

Mwaka mmoja nilitoa swali lile lile, nikaruhusu kila mwanafunzi achague riwaya aliyoisoma. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, mkimya, ambaye alikuwa akimaliza vitabu vya kabati langu kuliko darasa zima, alichagua Rosa Mistika ya Kezilahabi. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1971 na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Kijana aliandika kuwa jina halijasadifu. Alieleza kwamba Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, lakini Rosa wa kitabuni ni msichana wa Ukerewe ambaye baba yake alimlinda kwa kipigo, na alipotoka mikononi mwa baba hakujua la kuufanyia uhuru wake, akaharibikiwa hadi akajiua. Kisha akaandika sentensi ambayo sijaisahau: "Nafikiri mwandishi ameweka jina hili ili tuone aibu sisi, si Rosa."

Nilimpa alama mbili kati ya ishirini. Pembeni nikaandika: "Umetoka nje ya swali."

Alinifuata ofisini na karatasi yake mkononi. Akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Kwani jina haliwezi kusema uongo makusudi?" Nikamwambia akasome mwongozo, aone wenzake walivyojibu. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda. Tangu siku ile hadi alipomaliza shule hakuazima tena kitabu katika kabati langu. Mwongozo aliusoma, maana alifaulu mtihani. Nilimfaulisha mtihani, nikampoteza msomaji, na siku hizo niliona nimefanya kazi yangu vizuri.

Watu hulalamika kwamba sisi hatupendi kusoma. Nimelisikia neno hilo katika semina nyingi nikalisema mwenyewe. Leo najiuliza: mtu aliyefundishwa kwamba kila jina ni jibu, na kila kitabu ni hoja sita za kuthibitisha jibu hilo, atakisoma kitabu kwa nini baada ya mtihani?

Ukitaka kuona nguvu ya jina, tazama kitabu kimoja chenye majina mawili. Chinua Achebe alitoa Things Fall Apart mwaka 1958. Jina alilichota katika shairi la Yeats wa Ireland, nalo lazungumzia mambo yanayosambaratika. Ukilisoma hujui ni mambo gani wala nani alaumiwe. Kilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 1973 kiliitwa Shujaa Okonkwo. Na mfasiri sina ugomvi. Aliyetuletea kitabu kile katika lugha yetu alitupa zawadi. Lakini jina lilikwisha kutoa hukumu mlangoni. Achebe alitumia kitabu kizima kutuuliza kama Okonkwo ni shujaa, au ni mtu aliyetawaliwa na hofu ya kufanana na baba yake. Jalada letu likajibu kabla ya swali. Na Umuofia, ambayo ndiyo hasa iliyosambaratika, haimo tena katika jina.

Linganisha na kitabu chake kilichofuata mwaka 1960, No Longer at Ease. Kwa Kiswahili kinaitwa Hamkani si Shwari Tena. Lisome kwa sauti. Hapo hutasikia harufu ya Kiingereza hata kidogo. Ni maneno ambayo bibi angeweza kuyasema barazani akitazama vijana wanaorudi kutoka mjini. Kimoja kimefungwa kwa jina, na kingine kimefunguliwa kwa jina.

Mwalimu Nyerere naye alikuwa fundi wa jambo hili. Mchezo wa Shakespeare kwa Kiingereza una mfanyabiashara mmoja tu katika jina lake. Mwalimu akaufanya Mabepari wa Venisi, wengi, tena mabepari. Mtaalamu wa tafsiri atasema ameupinda. Huenda. Lakini mwaka ulikuwa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno bepari lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mtu wa kijijini aliyelisikia jina hilo alijua papo hapo kuwa mchezo ule wa Wazungu wa zamani unamhusu.

Ayi Kwei Armah wa Ghana yeye jina alilipeleka barabarani kabisa. Riwaya yake ya mwaka 1968, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, ina kosa la tahajia katika jina, na kosa hilo ni la makusudi, kwa sababu ndivyo maneno hayo yalivyoandikwa kwenye basi ambalo mhusika analiona mwishoni mwa hadithi. Abdilatif Abdalla, yule yule wa Twendapi, ndiye aliyeifasiri kwa Kiswahili ikaitwa Wema Hawajazaliwa, mwaka 1976. Mwandishi mkubwa hakuona haya kuchukua jina lake nyuma ya basi.

Na huko barabarani ndiko walikokuwa waandishi ambao sisi walimu tuliwadharau. Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona mwaka 1974. Ben Mtobwa akatupa Pesa Zako Zinanuka, akatupa Tutarudi na Roho Zetu? pamoja na alama yake ya kuuliza. Hao hawakuwa na mtihani wa kuwauzia vitabu. Vitabu vyao vililala juu ya gazeti kando ya stendi, na mtu mwenye nauli mfukoni alikuwa na dakika tatu za kuamua kama atabaki na chenji yake au atanunua hadithi. Katika dakika hizo tatu mwandishi hakuwa na mtetezi ila jina. Nimewahi kumnyang'anya mwanafunzi Pesa Zako Zinanuka, aliyoificha ndani ya kitabu cha jiografia. Nikaichukua nyumbani ili nijue uchafu gani unaowaharibu watoto, na sikulala mpaka nilipoimaliza. Kesho yake nilimrudishia mwenyewe kwa sura ya ukali, nikamwonya asirudie.

Nami niliandika kitabu. Ilikuwa hadithi ya wake wenza wawili ambao mume wao alikufa baharini, na nyumba nzima ilibaki na doti moja ya kanga iliyo nzima. Mke mkubwa aliichana katikati, akampa mdogo kipande kimoja, ili kila mmoja apate cha kutokea mbele za watu. Hadithi yote inafuata vile vipande viwili. Nilikiita kitabu Nusu Doti.

Mchapishaji, ambaye simtaji, aliniandikia kwamba hadithi ameipenda ila jina halieleweki, halisadifu yaliyomo, na walimu watapata taabu kulifundisha. Alipendekeza Wema Hauozi. Nilipoisoma barua ile nilijua kuwa nimehukumiwa kwa sheria niliyoitunga mwenyewe. Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa na nyumba isiyo na bati, na malipo ya mwandishi, ingawa kidogo, yalitosha bati. Nikakubali.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mama nakala. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho yamepungua. Akakipapasa, akaniuliza kinaitwaje. Nikamwambia, "Wema Hauozi." Akasema, "Haya, hongera mwanangu. Mungu akubariki." Akakiweka kando ya mto wake. Hakuniomba nimsomee.

Miaka minne baadaye nilirudishiwa maboksi ya nakala ambazo hazikununuliwa. Simlaumu mchapishaji peke yake. Methali nzima, yenye jibu lake, niliitia saini kwa mkono wangu. Ndiyo maana kitabu hiki ulichokishika nimekichapisha mwenyewe kwa kiinua mgongo changu, kila insha na jina nililoipa.

Najua watakaonipinga watasema nini. Watasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ni kweli, viko vitabu vya namna hiyo. Stendi zetu zimewahi kuvijaza, jina la kutisha na ndani hamna kitu. Lakini isikilize vizuri methali yenyewe. Inalaumu kile kipande cha mti. Haijasema mwenye dhahabu aifunge katika gunia. Wengine watasema kizuri chajiuza. Nawauliza, kitajiuza kwa mdomo gani? Kitabu kilichofungwa hakina mdomo ila jina lake. Na wako watakaoniletea ule msemo wa Kiingereza kwamba kitabu kisihukumiwe kwa jalada. Waingereza wanausema, na majalada yao wanayapamba vizuri kabisa.

Basi natoa rai tatu. Kwa walimu wenzangu: lifuteni swali la kusadifu. Mwulizeni mwanafunzi jina hili limekuita kwa lipi, na limekuficha nini hadi mwisho. Akisema limemdanganya, msimwadhibu. Mwambieni aonyeshe ni wapi. Kwa wachapishaji: msitie jibu juu ya jalada. Mwalimu atakayepata taabu kulifundisha jina ndiye mwalimu atakayekisoma kitabu. Na kwa mwandishi mwenzangu: ukishalipata jina, usiwapelekee wasomi. Mwendee mtu asiyekuwa na wajibu wa kukusifu, anayechambua mchele au kufuma ukili, umtajie jina tu, halafu unyamaze. Akisema hongera, rudi nyumbani ukatafute jingine. Akisema "hebu rudia," umelipata.

Insha hii nimeiita kwa nusu ya methali ya wapinzani wangu, nao wana haki ya kuikamilisha wakiona ndani nimeweka kipande cha mti.

Ama yule mtoto wa mvuvi, sijui yuko wapi. Sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto walio kidato cha nne. Ikitokea kitabu hiki kikamfikia, ninataka ajue kuwa karatasi yake nimeisahihisha upya kichwani mwangu mara nyingi. Ni kumi na nane kati ya ishirini. Alama mbili nimezizuia kwa ajili ya mwandiko, ambao ulikuwa mbaya kweli.